Bartleby alikuwa na usonji au alichoka tu na kazi? Wasomaji wa hadithi za zamani njooni hapa

#1 Kalamu Butu
Wadau habari za jioni. Sina utangulizi mrefu.

Wanaosoma hadithi za kizamani mtamkumbuka Bartleby wa Herman Melville, ile ya 1851. Kwa ambao hamjasoma, mwanasheria mmoja mtu mzima ana ofisi Wall Street, New York, enzi hizo hakuna fotokopi, hati zinanakiliwa kwa mkono neno kwa neno. Anamwajiri kijana mmoja mkimya, amepauka, nadhifu, ndo Bartleby. Siku za mwanzo kijana anaandika kama mtu aliyekuwa na njaa ya karatasi, mchana kwa mwanga wa jua usiku kwa mshumaa. Siku ya tatu bosi anamwita waje wahakiki nakala, jamaa hata hainuki nyuma ya kiambaza chake, anajibu kwa upole tu "afadhali nisifanye". Kuanzia hapo hilo ndo jibu lake kwa kila kitu mpaka anaacha na kuandika kabisa, anabaki amesimama anaangalia ukuta nje ya dirisha.

Miaka yote tunaambiwa huo ni mgomo, ni ubepari, ni falsafa. Mimi nasema jamaa alikuwa na usonji, yaani autism, basi. Chakula kile kile kila siku, biskuti za tangawizi. Sehemu ile ile. Sentensi ile ile. Kazi ya kujirudia anaimudu kuliko wenzake wote ila ukimtoa kwenye ratiba yake anajifunga. Halafu bosi anazunguka anatafuta maana wakati maana iko mbele yake.

Nipingeni.

#2 Jogoo la Shamba
Nimewahi siti ya mbele, karanga ninazo. Mkianza kutukanana niambieni niite na wengine.

#3 Wakujua
Kwanza rekebisha mwaka. 1851 ni ile ya nyangumi, Moby-Dick. Bartleby ilitoka 1853 kwenye jarida la Putnam's, vipande viwili, Novemba na Desemba, na hata jina la mwandishi halikuwekwa.

Pili, na hapa ndo hoja yako inavunjika mguu, usonji kama tunavyoujua leo umeandikwa na daktari Leo Kanner kule Baltimore 1943, watoto 11. Hans Asperger wa Vienna akafuata 1944 na watoto wake. Toka 1853 hadi 1943 ni miaka 90. Melville kaandika kitu ambacho hakipo bado?

#4 Kalamu Butu
Asante kwa mwaka, nimekubali. Hilo la pili silikubali. Kwani kabla Kanner hajaandika hawa watu walikuwa hawazaliwi? Walikuwepo, wakiitwa majina mengine, mengi ya matusi. Mwandishi mwenye jicho anaweza kumchora mtu aliyemuona kwa macho yake bila kujua daktari atakuja kumuitaje. Si lazima ujue jina la ndege ndo umchore.

#5 Mwas wa Naks
Wueh, hii nayo ni kuharibu story nzuri. Bartleby ni mfanyakazi ambaye ameamua imetosha. Usisahau alikuwa analipwa senti 4 kwa kila maneno 100. Mia moja! Alafu mumwambie aache kuandika akae asomewe makaratasi, hiyo saa ya kuhakiki nani anamlipa? 2011 wale vijana wa Occupy Wall Street, walioandamana kupinga matajiri, walimchukua kama mtu wao, na walimsoma hadharani pale pale mtaani kwake. Sasa nyinyi mnataka kumpeleka kliniki. Mtu akikataa kazi ya bosi ni mgonjwa, si ndio?

#6 Nesi wa Zamu
Naomba niingie hapa maana nafanya kazi karibu na haya mambo.

Moja, usonji sio ugonjwa kama malaria, ni namna ubongo ulivyokua toka utotoni. Mbili, na hii nawaambia wote wawili, huwezi kumpa mtu hilo jina kwa kumuangalia ukubwani siku tatu. Lazima ujue utoto wake ulikuwaje, alianza kuongea lini, alicheza vipi na wenzake, alikuwa anashikilia vitu gani. Utoto wa Bartleby hatuujui. Na sio kwamba Melville alisahau kutuwekea. Bosi anamuuliza wazi wazi Bartleby ulizaliwa wapi, na jibu mnalijua.

Kwa hiyo mgonjwa wenu kakataa kutoa historia mlangoni. Faili halijafunguliwa.

#7 Jogoo la Shamba
"Mgonjwa wenu" na hapo juu umesema sio ugonjwa 😂

#8 Nesi wa Zamu
Hahaha umenikamata. Nimetoka zamu ya usiku, nisamehe bure.

#9 Karani Mstaafu
Vijana hamjambo. Mimi nimekaa masijala miaka 31, tena mwanzoni nilikuwa karani wa kunakili na kupiga chapa hati, nimeona nichangie upande ambao nyie hamuujui.

Kuhakiki nakala hakuchezewi. Mmoja anashika asili anasoma kwa sauti, mkato, nukta, herufi kubwa, mwenzake anafuata kwa kidole kwenye nakala. Mnaweza kukaa hivyo toka asubuhi hadi adhana ya saa saba, macho yanawasha, ulimi umekauka. Ni kazi mbaya kuliko kuandika, maana ukiandika uko peke yako na kalamu yako, lakini kuhakiki unakaa uso kwa uso na mtu na kusikiliza sauti yake. Nimewaona makarani wazuri sana wanaokimbia hiyo kazi. Anaumwa tumbo, kafiwa, anakwenda kununua wino. Sasa huyu bwana hakusingizia ugonjwa wala msiba. Alisema ukweli kwa adabu. Hilo ndilo lilimchanganya mkubwa wake.

Sijui kama ni usonji. Najua tu kwamba kwa karani kukataa kuhakiki ni kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo.

#10 Kalamu Butu
Shikamoo mzee. Umenipa silaha bila kujua. Ninachosema ni hicho hicho, kuandika yuko peke yake, kuhakiki ni watu. Alikataa watu.

Na angalia alivyo makini na neno. Bosi anamuuliza kwa hasira, "hutaki?" Anamjibu hapana, sijasema sitaki, nimesema afadhali nisifanye. Anamrekebisha bosi! Nani anafanya hivyo akiwa anagoma? Mgomaji angesema ndiyo sitaki utanifanya nini.

#11 Karani Mstaafu
Marahaba. Silaha itumie kwa uangalifu.

#12 Bint Mwambao
Jamani mnazungumzia sentensi ambayo hata hamjaifasiri sawa.

"Afadhali nisifanye" imekamilika mno. Kule kwenye Kiingereza chake, "I would prefer not to", jamaa anakata kabla ya kutaja kitendo, anakiacha kinaning'inia hewani, hujui anakataa nini hasa, hii kazi, au kazi zote, au kuishi. Kiswahili chetu hakimruhusu. Sisi lazima kitenzi kije, nisifanye, nisiende, nisihakiki. Ukitaka kumfuata kweli uandike "afadhali nisi..." halafu ukae kimya, na msomaji atadhani mchapaji kasahau neno.

Na hilo "afadhali" nalo lina harufu yake. Afadhali unasema ukiwa na mabaya mawili unachagua lenye nafuu. Yeye hakuonyeshwa mabaya mawili. "Heri nisi" ingekuwa kama dua. "Nisingependa" hiyo ni ya wakubwa, waziri akiulizwa swali gumu. Nimekaa nalo siku nzima sijapata.

#13 Jogoo la Shamba
Tatizo Bartleby hakuzaliwa kwetu. Kwetu ukiambiwa njoo tuhakiki unasema "ndiyo bosi nakuja hapa hapa", unachukua faili unatoka, unarudi kesho kutwa. Hadithi ingeisha ukurasa wa pili.

#14 Mwas wa Naks
😂😂 "niko kwa njia". Hiyo ni resistance pia buda.

#15 Mlevi wa Vitabu
Uzi mzuri. Mleta uzi usijione wa kwanza lakini. 1976 tayari William P. Sullivan aliandika makala akisema Bartleby ni mtu mwenye usonji, na 2008 Stuart Murray ana kitabu kizima kuhusu usonji kwenye hadithi na filamu na Bartleby yumo. Angalia na tarehe. Usomaji huu ulianza baada ya jina kuwa la kawaida Marekani. Kabla ya hapo walisema skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Kabla yake walisema ni Melville mwenyewe, maana kitabu cha nyangumi hakikuuzika vizuri, cha 1852 kikapondwa vibaya, mwaka unaofuata anaandika habari za mwandishi anayekataa kunakili vya watu. Kila kizazi kinamvalisha nguo kilizonazo kabatini.

Na sio yeye tu. Boo Radley naye wanamfanyia hivyo hivyo, yule wa To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, 1960. Hatoki nje, haongei na mtu, anawaachia watoto zawadi kwenye tundu la mti. Mtandaoni wameshamaliza, usonji.

#16 MtotoWaMuheza
Boo ndo yule aliyemchoma mama yake mkasi?

#17 Wakujua
Baba yake. Alikuwa anakata magazeti, baba akapita, akamchoma mguuni, akavuta mkasi, akaufuta kwenye suruali akaendelea kukata gazeti. Mama ndo alikimbilia barabarani akipiga kelele kwamba Arthur, ndo Boo huyo, anawaua wote. Na hata hiyo tunaisikia kwa Jem, mmoja wa wale watoto, aliyeisikia kwa mama mmoja mbea wa jirani, kwa hiyo weka chumvi.

#18 MtotoWaMuheza
Asante. Basi ngoja niseme ya kwetu.

Nilikuwa na baba mdogo, marehemu sasa, aliishi chumba cha uani. Mchana hatoki. Kazi yake kutengeneza redio na saa. Ukitaka kutengenezewa unaweka redio kizingitini jioni, asubuhi unaikuta imepona iko pale pale, imefutwa vumbi, betri zimegeuziwa upande ili zisiishe. Hela unaweka chini ya kopo. Ukimgongea hafungui, ukikaa unamsubiri anazima taa. Sisi watoto tulikuwa tunatunga mambo juu yake weee, kwamba anafuga majini, kwamba ana kucha ndefu. Wakubwa walisema karogwa na mwanamke. Bibi yangu, mama yake mzazi, alisema neno moja tu, "alizaliwa hivyo, mwacheni".

Nilipomsoma Boo nilipofika kwenye ule mti nililia, sina aibu. Vile vitu alivyoweka, bazoka, senti za zamani, wale watoto wa sabuni aliowachonga, saa. Saa! Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema Boo ana usonji sisikii daktari, nasikia bibi yangu.

#19 Bint Mwambao
Mungu amrehemu. Hilo la betri kugeuzwa limenigusa sijui kwa nini.

#20 Mlevi wa Vitabu
Pole ndugu. Ila kwa Boo mimi nabisha na nitabisha. Kwenye kitabu sababu imeandikwa. Alikuwa kijana wa kawaida, akaingia kwenye kundi, usiku mmoja wakafanya ujinga na gari la kuazima na kumfungia mtumishi wa mahakama chooni. Wenzake wakapelekwa shule ya ufundi ya serikali, wakasoma vizuri. Baba yake Boo akamwambia hakimu niachie mimi. Akamfungia ndani, miaka 15 hakuna aliyemuona. Baba akafa, kaka yake Nathan akaja kuendeleza, na huyo ndiye aliyeziba tundu la mti kwa saruji akasingizia mti unaumwa. Huyo sio mtu aliyejitenga. Ni mfungwa wa familia. Ukimpa usonji unamsafisha baba yake.

#21 Mama Wawili
Naomba nijibu hiyo ya mwisho, "unamsafisha baba".

Mtoto wangu wa kwanza ana usonji, ana miaka 9. Nimepita shule tatu, ya tatu mwalimu mkuu aliniambia mbele yake kwamba mtoto huyu angefaa akae nyumbani. Nyumbani! Kwa hiyo hayo mawili unayoyatenganisha, usonji na kufungiwa, kwenye maisha yanakaa chumba kimoja. Watoto wangapi wako vyumba vya nyuma kwa sababu familia inaona haya. Boo anaweza kuwa vyote, alizaliwa tofauti kidogo NA baba akamfungia. Kimoja hakifuti kingine.

Na hiyo ya kutafuta sababu kwa mzazi nayo muwe nayo makini. Kuna kipindi Marekani walisema usonji unatokana na mama asiye na upendo, mama baridi kama barafu. Bruno Bettelheim 1967 akaandika kitabu kizima kuisambaza hiyo. Wanawake wamebeba huo mzigo miaka. Mimi mwenyewe mama mkwe alishaniuliza nilikula nini nikiwa na mimba.

#22 Mlevi wa Vitabu
Nimekuelewa mama, na naomba radhi kwa wepesi wa maneno. Narudi nyuma hatua moja, sio mbili 😄

#23 Nesi wa Zamu
Mama Wawili hapo umesema. Niongeze kidogo tu, Wakujua alisema Kanner 1943, sawa, ila neno lenyewe la usonji kwa kizungu hakulitunga yeye. Eugen Bleuler wa Uswisi alilitumia miaka zaidi ya 30 kabla, akimaanisha wagonjwa wa skizofrenia waliojifungia ndani ya nafsi zao. Na kule Moscow Grunya Sukhareva alishaandika kuhusu watoto wa aina hii miaka ya 1920. Asperger ndo kabisa, wazungumzaji wa Kiingereza wengi walimjua baada ya Lorna Wing kumwandikia 1981, na 2013 jina lake likaondolewa kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, yote yakawekwa kapu moja. Kwa hiyo hata hilo jina mnalomvalisha Bartleby limeshabadilisha mwili mara kadhaa. Mleta uzi, unamvalisha lipi?

#24 Wakujua
Nimepigwa. Nakaa.

#25 Jogoo la Shamba
Wakujua kukaa? Mods bandikeni huu uzi juu.

#26 Kalamu Butu
Nesi swali zuri. Namvalisha la sasa, sina jingine.

Ila mnanisukuma kona ambayo sikusema. Mimi sisemi usonji unaeleza kila kitu. Nasema unabadilisha nani wa kumuangalia. Tukisema ni kitendawili tunakaa upande wa bosi, tunamshangaa. Tukisema ni mtu wa aina ambayo ipo, tunaanza kuuliza wale wengine walifanya nini. Kuna mtaalamu Mwingereza, Damian Milton, yeye mwenyewe ana usonji, 2012 aliandika kwamba tatizo la kuelewana liko pande zote mbili, sio kwamba wenye usonji hawawaelewi wengine tu, wengine nao hawawaelewi wao, ila lawama inakwenda upande mmoja. Sasa rudi kwa yule mwanasheria. Anatoa ofa ngapi! Kuwa karani wa duka la vitambaa, kuhudumia baa, kukusanya madeni vijijini, kumsindikiza kijana wa watu Ulaya, hata njoo kwangu nyumbani. Kila moja inamtaka kijana abadilike awe mtu wa watu. Hakuna siku alimwambia basi kaa hapo hapo andika tu, kuhakiki nitamtafuta mwingine.

#27 Mwas wa Naks
Zii, hapo unadanganya. Soma tena. Alimwachilia kuhakiki kwa muda mrefu, wale wengine wakawa wanafanya share yake. Hata alipoacha kuandika hakumfukuza mara moja. Akamwekea dola 32 wakati deni ni 12, jamaa hakugusa pesa. Boss kama huyo Nairobi hatuna.

#28 Kalamu Butu
Daah kweli, hiyo ya kumwachilia kuhakiki nimepitiwa. Lakini aliondoka ofisi nzima akamwachia mwenye nyumba! Alihama yeye kumkimbia karani wake. Na mwenye nyumba akaita polisi, jamaa akaishia jela ya Tombs.

#29 Mlevi wa Vitabu
Na huyo bosi ndiye pekee anayetusimulia. Mwanasheria ambaye hajawahi kusimama mbele ya baraza la mahakama, anajisifu kwamba ni mtu wa salama, anapenda kutaja jina la tajiri Astor kwa sababu linalia kama dhahabu. Yote mnayoyajua ya Bartleby, kupauka, biskuti, ukuta, mmeyapata kwa mtu anayejitetea. Mnampima mgonjwa kupitia barua ya mtu aliyemtupa.

#30 Karani Mstaafu
Kuhusu biskuti. Karani anayelipwa kwa maneno anakula kitu cha mkono mmoja ambacho hakichafui karatasi. Mimi nilikula mihogo mikavu ya kukaanga miaka mingi. Hakuna aliyenipima.

#31 Jogoo la Shamba
Mzee kaua uzi kwa mhogo.

#32 Nesi wa Zamu
😂 Ila mzee wewe ulikuwa unakwenda nyumbani jioni. Huyu alikuwa analala ofisini. Jumapili bosi anakwenda kanisa la Trinity, anapitia ofisini, ufunguo hauingii kwa sababu kuna mtu ndani. Blanketi, sabuni, taulo limechakaa, na akiba yake ya senti imefungwa kwenye leso. Hapo mimi siwazi usonji wala mgomo, nawaza huyu mtu hana kwa kwenda. Na mwishoni hali chakula, analala amejikunja chini ya ukuta wa jela, anakufa. Wodini kwetu mtu aliyeacha kazi, akaacha kuongea, akaacha kula, tunaandika sonona kali, yaani depression, kwanza, mengine baadaye. Mwenye usonji pia anapata sonona, tena wengi. Mnashindania jina moja wakati mtu anaweza kuwa na matatu.

#33 Bint Mwambao
Mmesahau zile barua. Mwisho kabisa msimulizi anasema alisikia fununu kwamba Bartleby kabla ya hapo alifanya kazi Washington, ofisi ya barua zisizofika. Barua za watu waliokufa, pete ya mtu ambaye kidole chake kiko kaburini, noti ya kumsaidia mtu ambaye hali tena. Anazichambua, anazitia moto. Mtu akae humo miaka asiwe hivyo?

#34 Wakujua
Nimesimama kidogo: msimulizi mwenyewe anasema ni fununu. Nakaa tena.

#35 Mama Wawili
Mimi hiyo ya barua siipendi. Inanikumbusha ndugu wanaokuja nyumbani na sababu. Aliona kitu akashtuka, alianguka utotoni, aliangaliwa na jicho baya. Kila mtu anataka tukio. Bibi wa ndugu wa Muheza hapo #18 hakuhitaji tukio.

#36 MtotoWaMuheza
Ila mama nikuambie ukweli, alipokufa bibi ndo tukagundua baba mdogo alikuwa anatoka. Usiku, saa nane, wanakaa wawili uani. Miaka yote tulidhani haongei na mtu. Baada ya bibi hakudumu mwaka. Kwa hiyo hata sisi tuliokaa nyumba moja tulikuwa hatumjui. Sasa Boo na Bartleby tutawajulia wapi.

#37 Mlevi wa Vitabu
Boo kwenye kitabu anasema sentensi moja tu, anamwomba Scout, yule dada yake Jem, amrudishe nyumbani. Kwenye filamu ya 1962 hata hiyo hana. Robert Duvall, filamu yake ya kwanza, anasimama nyuma ya mlango haongei neno.

Kwa wapenzi wa kwetu, mbona hamjamtaja Kazimoto wa Kezilahabi, Kichwamaji? Huyo naye yuko katikati ya watu na hayuko nao.

#38 Bint Mwambao
Kazimoto anaongea mno jamani! Kichwa kinamzunguka na anatuambia kila kinachozunguka. Bartleby hatuambii hata kimoja. Usitupeleke Ukerewe, fungua uzi wako.

#39 Mlevi wa Vitabu
Afadhali nisi...

#40 Bint Mwambao
NDIYO HIYO. Umeona inavyokaa?

#41 Jogoo la Shamba
Sasa mmeanza kama wale wa ofisini, wote waliambukizwa lile neno la "prefer". Yule karani mzee wanamwita Turkey, yaani bata mzinga, anaulizwa kwa nini unalitumia, anasema lipi, mimi silitumii kabisa, neno la ajabu hilo. Na amelitumia dakika ile ile 😂 Ndo kipande pekee nilichocheka.

#42 Kalamu Butu
Wadau nilipotea siku mbili tatu, nilikuwa na jambo nafanya.

Sikusema mwanzoni. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 27, anasaidia duka la mzee la vifaa vya ujenzi. Anahesabu mali. Ukimuuliza misumari ya nchi tatu imebaki kilo ngapi anakujibu bila kuinua kichwa. Wateja hawezi, akija mteja anaingia stoo. Hajapimwa na mtu, ila nimesoma sana na Mama Wawili nadhani ananielewa. Nilimsomea hii hadithi usiku tatu, nafasiri papo hapo. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini, kwamba atasema huyu ni mimi.

Hakusema. Aliuliza kama ile nakala ilikuwa sawa walitaka kuhakiki nini.

#43 Karani Mstaafu
Mwambie mdogo wako nakala haiwi sawa mpaka ihakikiwe. Mimi niliwahi kuruka silabi moja katika hati ya kiwanja, "hatauza" ikawa "atauza". Ningekuwa peke yangu nisingeiona, maana jicho lako linasoma ulichokusudia. Mwenzangu aliyekuwa anafuata kwa kidole ndiye aliyesimama.

#44 Kalamu Butu
Nimemwambia mzee. Kafikiri mpaka tumemaliza kula. Kasema basi asome yule aliyeandika, kwa kurudi nyuma, kuanzia neno la mwisho, jicho halitajua kinachokuja.

#45 Karani Mstaafu
Hiyo njia ipo. Wapiga chapa wa zamani waliitumia. Nani kamfundisha?

#46 Kalamu Butu
Hakuna.

#47 Mama Wawili
🙏🏾

#48 Mgeni Njoo
Habari zenu, nimechelewa, nimesoma kurasa zote. Mbona mnamng'ang'ania Bartleby peke yake? Yule Nippers, karani mwenzake, je? Kila siku meza haimkai, anaweka vijiti chini ya miguu, vipande vya karatasi, anainua, anashusha, mgongo unamuuma, mikono inakufa ganzi, meno anasaga. Turkey asubuhi mtu wa maana, ikigonga saa sita anamwaga wino kila mahali. Kwa vigezo vya #1 ofisi nzima ilikuwa na jambo, na bosi asiyependa kelele akiwa wa kwanza. Mlishalijadili hili au nimeruka ukurasa?

#49 Wakujua
Nasimama.